Mbwa na bwana wake katika hadithi za kubuni: wanachoonyesha waandishi ni mapenzi au ni utii?

Mwalimu wa Fasihi (Morogoro)

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha fasihi kidato cha tano na cha sita, na muhula huu tunasoma hadithi ambamo mbwa si pambo la uani bali ni mhusika anayebeba sehemu ya maana. Tulianzia mbali sana, kwenye utenzi wa Homer, mshairi wa Ugiriki ya kale, uitwao Odyssey, na huko ndiko ulikozuka mjadala ambao ningependa kuuleta kwenu.

Katika kitabu cha 17, Odysseus anarejea kwake Ithaca baada ya miaka 20, akiwa katika sura ya ombaomba ili wanaume waliojazana nyumbani mwake kumposa mkewe wasimtambue. Nje ya mlango amelala Argos, mbwa aliyemlea yeye mwenyewe lakini akamwacha kwenda vitani Troy kabla hajafaidi uwindaji wake. Vijana walikuwa wakienda naye kuwinda mbuzi mwitu, paa na sungura. Sasa amezeeka, amejaa kupe, na ametupwa juu ya lundo la samadi bila mtu wa kumtazama. Anamtambua bwana wake, anatikisa mkia na kulaza masikio, ila hana tena nguvu za kumsogelea. Odysseus naye hathubutu kumwendea, kwa kuwa siri yake ingefichuka. Anageuza uso, anafuta chozi ili mtu aliyefuatana naye asimwone, kisha anaendelea na safari yake ya kuingia ndani. Argos anakata roho akiwa amekwisha kumwona.

Baadhi ya wanafunzi wanasema hayo ni mapenzi, tena mapenzi yasiyo na doa, kwa sababu kati ya wote wanaomtambua Odysseus pale Ithaca, Argos peke yake hakudai ushahidi. Yaya aliliona kovu la mguuni, mke akataka siri ya kitanda, na baba mtu akataka kovu pamoja na hesabu ya miti ya bustani. Wengine wanawajibu kwamba mbwa aliyelelewa ili amfuate bwana wake hapendi bali anatii, na kwamba waandishi wa zamani, walioishi katika jamii zenye watumwa, walimsifu mbwa kwa kuwa ndiye mtumishi asiyedai chochote. Hoja hiyo ya pili imenikaa moyoni, na nisingependa kuizima kwa mamlaka ya ualimu.

Naomba mnisaidie kwa hadithi nyingine mnazozifahamu, na mnieleze mnavyoona: mwandishi anapomweka mbwa karibu na binadamu, anatuonyesha mapenzi, utii, au jambo jingine ambalo maneno hayo mawili hayalifikii?

Dada Msomaji (Dar es Salaam)

Mwalimu, ahsante kwa swali hili. Kabla ya kuchagua upande, wasomee wanafunzi wako hadithi ya Mumu ya Ivan Turgenev, iliyochapishwa mwaka 1854. Turgenev aliiandika mwaka 1852 akiwa kizuizini kwa sababu ya makala aliyoandika kuomboleza kifo cha mwandishi mwenzake Gogol, wakati ambapo wakulima wa Urusi walikuwa bado ni mali ya wenye mashamba; utwana huo ulifutwa mwaka 1861.

Mhusika wake mkuu ni Gerasim, mtwana mwenye nguvu za ajabu ambaye ni kiziwi na bubu, aliyeng'olewa kijijini kwake na kuletwa Moscow kuwa mtumishi wa uani katika nyumba ya bibi mmoja mjane. Anampenda mfuaji nguo aitwaye Tatyana, lakini bibi anaamua kumwoza Tatyana kwa fundi viatu mlevi, bila hata kufikiria kwamba kuna moyo wa mtu unavunjwa. Siku mume na mke hao wanapopelekwa mbali, Gerasim anawasindikiza, na wakati wa kurudi anamwokota mtoto wa mbwa aliyekwama matopeni kando ya mto. Anamlea, anampa jina ambalo ndilo sauti pekee kinywa chake kinaweza kuitoa, na kwa muda wa mwaka mmoja hivi mtu huyo asiye na kitu anakuwa na kiumbe cha kwake.

Yanayofuata ndiyo yanayogusa swali lako. Bibi anamwona Mumu bustanini na kutaka kumchezea, mbwa anamwonyesha meno, na amri inatolewa aondolewe. Watumishi wanamwiba na kumuuza. Anarudi akiwa na kipande cha kamba shingoni. Gerasim anamficha chumbani mwake bila kujua, kwa kuwa yeye hasikii, kwamba sauti ya kubweka inapenya kuta usiku. Amri ya pili inapotoka, Gerasim anaonyesha kwa ishara kwamba ataitekeleza yeye mwenyewe. Anampeleka Mumu kwenye mgahawa, anamlisha supu ya kabichi yenye nyama na mkate, anapiga makasia hadi katikati ya mto, anamfunga matofali, na kumzamisha. Baada ya hapo harudi kwa bibi. Anashika njia kwa miguu hadi kijijini kwake, na kwa umri wake wote uliobaki hafugi tena mbwa.

Wasomaji wengi hukwama kwenye swali moja: ikiwa alikuwa na ujasiri wa kuondoka, kwa nini asiondoke na mbwa wake? Kwa maoni yangu Turgenev aliliacha swali hilo wazi kwa makusudi. Gerasim hakuwa huru hata kidogo mpaka alipotekeleza amri ambayo hakuna amri nyingine ingeweza kuipita; bibi alikuwa amekwisha kumnyang'anya mwanamke aliyempenda, na sasa mikono yake mwenyewe ilikuwa imemnyang'anya kitu cha mwisho. Kwa hiyo mtii mkuu wa hadithi hii ni mwanadamu. Mumu hakumtii bibi hata mara moja, alimwonyesha meno mbele ya watu. Hatia ya mbwa huyo ilikuwa kwamba alipenda mtu mmoja na hakujua kujipendekeza kwa mwenye nyumba.

Mzee wa Maktaba (Dodoma)

Dada ameeleza vizuri, lakini namwomba Mwalimu asije akawafundisha vijana kwamba kila mbwa wa fasihi ni kioo cha mtumwa. Kuna waandishi waliojitahidi kumwandika mbwa kwa ajili yake mwenyewe, na aliyefaulu kuliko wote niliowasoma ni Anton Chekhov katika Kashtanka, hadithi ya mwaka 1887.

Kashtanka ni mbwa wa fundi seremala mlevi. Bwana huyo humtukana kwa kumwambia kwamba yeye mbele ya mtu ni kama seremala wa kuchonga maboriti mbele ya seremala wa samani, na mtoto wa bwana, Fedyushka, humchezea kwa kumpa kipande cha nyama kilichofungwa uzi, akishakimeza akivute tena kutoka tumboni. Siku moja Kashtanka anapotea mjini na kuokotwa na mtu wa sarakasi, mpole, anayemlisha vizuri, anayempa jina jipya na kumfundisha michezo pamoja na bata bukini, paka na nguruwe. Usiku wake wa kwanza jukwaani, sauti ya mtoto inamwita kwa jina lake la zamani kutoka viti vya juu. Anaruka vizuizi, anapokewa mkono kwa mkono na watazamaji, na kurudi kwenye njaa, matusi na harufu ya gundi ya mbao. Akiwa njiani anawafuata, maisha yale ya raha yanamjia kama ndoto ndefu iliyomchanganya.

Sasa tuambizane ukweli: huo ni utii? Hakuna aliyemwamuru. Mtu wa sarakasi ndiye aliyemfundisha kutii, na huyo ndiye aliyeachwa. Wala siwezi kuuita upendo wa kuhesabu wema, kwa kuwa wema wote ulikuwa upande wa pili. Chekhov anatuonyesha kwamba mbwa ana kwao, na kwao ni harufu, sauti na watu wa mwanzo, wawe wema au wawe wabaya. Jambo linalonisumbua kila ninapoisoma ni kwamba mwandishi hamlaumu Kashtanka wala hamsifu. Anatuacha sisi tukiwa na uchungu kwa niaba ya kiumbe ambaye mwenyewe anafurahi.

Linganisha na Buck wa Jack London katika The Call of the Wild ya mwaka 1903, mbwa anayeibwa kwenye nyumba ya jaji huko California na kuuzwa kuvuta mizigo thelujini wakati wa mbio za dhahabu za Klondike. Kwanza anatiishwa kwa rungu. Baadaye anaokolewa kwenye kipigo na John Thornton na kumpenda kiasi cha kuuvuta mzigo wa karibu kilo 450 peke yake ili Thornton ashinde dau. London anatenganisha wazi yale mawili ambayo wanafunzi wako wanayachanganya: rungu lilimpa Buck utii, Thornton akampa sababu ya kupenda. Hata hivyo, Buck anakwenda moja kwa moja kwa mbwa mwitu pale tu Thornton anapouawa, na hapo London anakubali kwamba hata mapenzi yale yalikuwa kamba, ijapokuwa kamba aliyoivaa kwa hiari.

Msomaji wa Bonde la Ufa (Nakuru)

Mwalimu na wenzangu, nimewasoma kwa makini, lakini mifano yenu yote inadhani kwamba kuna watu wawili tu katika hadithi, yaani bwana na mbwa. Kwetu sisi tuliokulia kwenye nchi iliyokuwa mashamba ya walowezi kuna mtu wa tatu, naye ni yule ambaye mbwa amefundishwa kumrarua. Wapo wazee hapa ambao neno mbwa likitajwa hawakumbuki rafiki, wanakumbuka lango.

Ngũgĩ wa Thiong'o alilichukua jambo hilo katika riwaya yake A Grain of Wheat, iliyotoka mwaka 1967 na inayosimulia siku za kuelekea Uhuru wa Kenya wa Desemba 1963. Daktari Lynd, mtafiti Mzungu katika kituo cha Githima, ana mbwa mkubwa anayewavamia wafanyakazi Waafrika mchana kweupe. Karanja, ambaye katika riwaya nzima ndiye aliyejitoa kuwatumikia Wazungu kuliko mtu yeyote, anashika jiwe ili ajikinge, na jiwe hilo ndilo linaloonekana kuwa kosa. Kabla ya hapo, wakati wa Hali ya Hatari, mbwa mwingine wa mwanamke huyo alikatwakatwa kwa panga na watu waliovamia nyumba yake, mmoja wao akiwa mtumishi wake wa ndani, katika tukio ambalo yeye mwenyewe alitendewa unyama. Ngũgĩ hafichi ukatili huo wala hautakasi. Anatulazimisha tuone jinsi mapenzi ya kweli ya mwanamke mpweke kwa mbwa wake na hofu ya kweli ya mfanyakazi anayepita njiani zinavyokaa ndani ya mnyama mmoja.

Baada ya hapo msome J. M. Coetzee katika Disgrace, riwaya iliyopata tuzo ya Booker mwaka 1999. Wanaume watatu wanalivamia shamba la Lucy huko Eastern Cape, na mmoja wao anawapiga risasi mbwa waliomo kwenye vizimba vyao. Babake Lucy, David Lurie, anatambua mwenyewe kwamba hiyo ni nchi ambayo mbwa walizalishwa ili wangurume wakinusa tu harufu ya mtu mweusi. Hata hivyo ni huyo huyo Lurie, mwanamume aliyefukuzwa chuoni kwa kumtumia vibaya mwanafunzi wake, anayeishia kuzibeba maiti za mbwa waliouliwa kwenye zahanati ya wanyama na kuziingiza mwenyewe kwenye tanuri la hospitali, kwa kuwa wafanyakazi wa pale huvipiga kwa koleo viungo vilivyokakamaa ili viingie. Hakuna faida, hakuna anayemwona, na mbwa wenyewe hawajui. Ninaona hapo kitu ambacho si mapenzi wala si utii, ni heshima inayotolewa kwa yule asiyeweza kuilipa. Ila sisahau kwamba mwanzoni Petrus, Mwafrika anayefanya kazi shambani, ndiye aliyejiita mtu wa mbwa, na aliposema hivyo hakuna aliyeiona kuwa ni heshima.

Binti Mvita (Mombasa)

Assalaam aleikum Mwalimu, na nyote mliochangia.

Napenda kuongeza upande wa pwani, kwa kuwa wanafunzi wako huenda wakauliza kwa nini mbwa rafiki ni adimu katika fasihi yetu ya Kiswahili. Jibu la haraka ni kwamba katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa mwambao, mbwa ni najisi, na methali yetu inaonya kwamba ukimzoea mbwa atakufuata hadi msikitini. Lakini jibu hilo peke yake linapotosha. Katika Sura ya Kahf, ambayo bila shaka si hadithi ya kubuni na naitaja kwa heshima yake tu, mbwa wa vijana wa pangoni ametajwa pamoja nao, amenyoosha miguu yake ya mbele kizingitini. Mbwa wa kuwinda na wa kulinda wamekuwapo siku zote. Na huko Baghdad, Ibn al-Marzuban, aliyefariki mwaka 921, aliandika kitabu kizima cha kuwatukuza mbwa juu ya wengi wa wavaao nguo.

Sasa tuje kwenye hadithi zenyewe. Katika Alfu Lela Ulela kuna hadithi ya Abdallah bin Fadhil, liwali wa Basra, ambaye kila usiku huwapiga mbwa wawili kwa mjeledi, kisha huwakumbatia akilia na kuwalisha. Mbwa hao ni nduguze, waliogeuzwa na jini kwa sababu ya hiana waliyomfanyia, na asipowapiga jini atamwadhibu yeye. Shaaban Robert aliichukua hadithi hiyo na kuijenga upya katika Adili na Nduguze, ambamo Hasidi na Mansuri wanageuzwa manyani badala ya mbwa. Naamini alikuwa na sababu ya kisanaa. Liwali Mwislamu anayekumbatia mbwa usiku angemshughulisha msomaji wa pwani kwa suala la twahara, yaani usafi wa ibada, ilhali mwandishi alitaka macho yote yawe kwenye machozi ya Adili. Nyani amebaki na mikono na uso unaokaribia wa mtu, na kwa hiyo undugu uliopotea unaonekana mara moja. Hata hivyo kuna kitu kilichopungua, kwa sababu nyani hakuzoea kumpenda anayempiga, na mbwa amezoea. Katika toleo la Kiarabu, mjeledi unauma zaidi kwa kuwa unampiga mnyama ambaye hangekimbia.

Nikiweka hadithi hii kando ya ile ya Dada Msomaji, naona Abdallah na Gerasim wanafanya jambo moja: kila mmoja anamtesa ampendaye kwa amri ya aliye juu yake. Pengine Mwalimu awageuzie wanafunzi swali, wamchunguze binadamu kwanza. Odysseus mwenyewe alimpita Argos kwa kutii mpango wake wa kulipiza kisasi.

Mwalimu wa Fasihi (Morogoro)

Nawashukuru sana. Hoja ya mtu wa tatu sikuwa nimeifikiria kabisa, na nitaianza wiki ijayo kwa kurasa za Ngũgĩ, kwa kuwa kitabu kinapatikana maktabani kwetu.

Mwanafunzi mmoja ameniletea jambo ambalo linaunga mkono pande zote mbili. Ameninukulia ile hadithi inayosimuliwa kwa namna mbalimbali katika sehemu nyingi za Afrika, kwamba mbwa na mbweha waliishi pamoja porini mpaka usiku wa baridi kali mbwa alipotumwa kijijini kutafuta moto. Akakuta joto na mifupa, akakubaliana na mwanadamu kumsaidia, na hakurudi tena. Ndiyo maana mbweha hulia usiku. Mwanafunzi anasema hayo ni mapatano, kwamba kila upande ulipata na ulipoteza, na anahoji kwa nini waandishi wa riwaya wameyasahau. Nimeona pia kwamba mfano huu unamgusa Orwell, ambaye wanafunzi wamemsoma kupitia Shamba la Wanyama: nguruwe Napoleon anawachukua watoto tisa wa mbwa kutoka kwa mama zao, anawalea kwa siri, na wanapotokea wakubwa wanamtikisia mkia vilevile mbwa wengine walivyozoea kumtikisia Bwana Jones. Pale mapatano hayapo. Kuna malezi tu, na aliyeyashika malezi ndiye aliyeshika meno.

Je, mnaonaje: Argos alikuwa na mapatano na Odysseus?

Dada Msomaji (Dar es Salaam)

Mwalimu, kama yalikuwapo, upande mmoja haukutimiza wa kwake, na Homer analijua hilo. Rudini kwenye aya ile ile mtazame ni nani anayesimama kando ya Odysseus. Ni Eumaeus, mchunga nguruwe, mtumwa aliyezaliwa mwana wa mfalme na kuibwa akiwa mtoto. Anapoulizwa habari za mbwa, anaeleza kwamba watumwa hawafanyi kazi ipasavyo bwana asipokuwapo, kisha anaongeza kwamba Zeus, mungu mkuu wao, humwondolea mtu nusu ya ubora wake siku utumwa unapomshika. Maneno hayo yanasemwa na mtumwa, juu ya mbwa aliyetupwa, mbele ya bwana asiyejulikana kuwa ni bwana. Wanafunzi wako wa kundi la pili hawakulazimisha maana. Imo ndani ya utenzi.

Lakini wape pia kitabu cha 14 na cha 16 kabla hawajafunga hoja. Eumaeus ana mbwa wanne wakali aliowalea yeye mwenyewe. Odysseus anapofika kibandani wanamrukia, naye anaketi chini na kuiachia fimbo yake, na angeumia kama Eumaeus asingewafukuza kwa mawe. Telemachus, mwana wa Odysseus, anapofika hawabweki, wanamchezea, kwa sababu wamemzoea. Na mungu wa kike Athena anapotokea, Telemachus hamwoni, ila mbwa wanamwona na kukimbilia upande mwingine wakilia kwa hofu. Kwa hiyo katika utenzi mmoja mnao mbwa aliyemtambua bwana aliyemwacha, na mbwa wa mtumwa ambao hawakumjali hata kidogo mmiliki wa kisheria wa zizi, ila walimjua aliyewalea na aliyekuja mara kwa mara kuwaona. Ningewauliza wanafunzi mbwa hao wanne ni wa nani, wa Odysseus au wa Eumaeus, na ningewataka watetee jibu lao kwa mistari ya utenzi wenyewe.